Kuokoa umeme chuoni: kibandiko, ubao, mashindano, mitambo au mita?

Makala haya ni ya mtu aliyekabidhiwa kazi ya kupunguza bili ya umeme chuoni na hajui aanzie wapi: waziri wa mazingira katika serikali ya wanafunzi, mshauri wa wanafunzi, meneja miliki, au klabu ya mazingira yenye hela ya karatasi na gundi tu. Kila kikao kinapoketi, mapendekezo ni yaleyale matano, na kila moja lina watu wake wanaoliapia.

Tuanze na jambo linalosahaulika. Nyumbani, uniti za LUKU zikiisha saa tatu usiku, giza linamkuta yuleyule aliyezitumia. Chuoni, aliyeacha feni ikizunguka ukumbini haioni bili. Bili yenyewe huja kama tarakimu moja kwa majengo mengi, ikaishia mezani kwa mhasibu. Ada ya malazi ni ileile kwa anayezima na asiyezima. Tena sehemu kubwa ya majengo ya chuo hayana mwenyewe: ukumbi mmoja hupokea madarasa kadhaa kwa siku, na kila darasa linadhani linalofuata ndilo litakalozima. Kwa hiyo kuuliza kama wanafunzi wanajali mazingira hakukufikishi mbali. Wengi wanajali. Uliza nani mkono wake uko kwenye swichi, na kama eneo hilo lina mwenyewe. Nimeshawishika kwamba maswali hayo mawili ndiyo yanayoamua njia ipi itafanya kazi wapi.

Vigezo vya kulinganisha

Kila njia nimeipima kwa mambo matano: inavyomgusa mtu, ushahidi uliopo, inachodai kwa pesa na kazi, kama inadumu, na inamfaa nani.

Kabla ya kuchagua, jua umeme wako unakwenda wapi. Hita ya kuchemshia maji ya wati 1,500 ikiwashwa dakika 20 inakula nusu uniti. Taa ya LED ya wati 10 inahitaji saa 50 kufikia kiasi hichohicho. Lakini waulize watu namna ya kuokoa umeme, wengi watakutajia taa. Shahzeen Attari na wenzake walilichunguza hili Marekani mwaka 2010, wakakuta watu hukadiria matumizi chini ya ukweli kwa wastani wa mara 2.8, na pengo ni kubwa zaidi kwa vyombo vinavyokula sana. Kampeni inayopigania taa bwenini huku kila chumba kina hita na pasi kwenye ekstensheni moja inapigana vita mahali pasipo na adui. Vyumba vya madarasa na ofisi ni habari nyingine: huko viyoyozi, projekta na safu za taa za tyubu huwaka saa nyingi bila mtu.

1. Kibandiko na ujumbe wa kukumbusha

*Inavyomgusa mtu.* Kibandiko humkumbusha mtu ambaye tayari ana nia. Hakimpi nia asiyekuwa nayo. Ndiyo maana mahali kilipo ni muhimu kuliko maneno yake. Kikiwa juu ya swichi ya mlangoni, mtu hukisoma mkono ukiwa karibu. Kikiwa kwenye ubao wa matangazo kati ya ratiba ya mitihani na tangazo la chumba cha kupanga, hakina kazi.

Tazama ukumbi wa mihadhara saa kumi na moja jioni. Kipindi kimekwisha, mhadhiri ameondoka, wa mwisho kutoka ni binti anayekusanya karatasi za mahudhurio. Swichi ziko nyuma ya meza ya mhadhiri, mbali na mlango. Ziko nane, hazina alama. Akibonyeza ya kwanza, feni ya pembeni inasimama. Ya pili, haoni kilichobadilika. Anaacha. Kibandiko kinachosema "Zima taa" hakimsaidii kitu. Kinachomsaidia ni kalamu ya wino mzito: "taa mbele", "taa nyuma", "feni kushoto".

*Ushahidi.* Upo, na ni wa kuaminika ingawa wa kiasi. Reuven Sussman na Robert Gifford walijaribu mabango ya kuzima taa kwenye vyoo vya Chuo Kikuu cha Victoria, Canada, na matokeo yao ya mwaka 2012 yalionyesha kwamba mabango husaidia. Patrick Dwyer na wenzake waliongeza jambo zito mwaka 2015: mtu anayeingia chooni akakuta taa imezimwa ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuizima akitoka kuliko anayeikuta ikiwaka. Hali ya chumba inazungumza kwa sauti kubwa kuliko karatasi iliyo ukutani.

Kuna na kosa la kuepuka. Usiandike "Wanafunzi wengi hawazimi taa, badilika!" Unakuwa umemwambia msomaji kwamba kutozima ndiyo kawaida ya hapa. Robert Cialdini na wenzake waliliona hilo kwenye hifadhi ya Petrified Forest huko Arizona: bango lililolalamika kwamba wageni wengi wamechukua vipande vya miti iliyogeuka mawe liliongeza uchukuaji.

*Inachodai.* Karatasi, na mtu wa kubandika upya.

*Inadumu?* Jicho huzoea. Badilisha rangi na mahali kila muhula, la sivyo kitakwajuka ukutani bila kuonwa na yeyote.

*Inamfaa nani.* Klabu isiyo na bajeti, na maeneo ambapo swichi iko njiani mwa anayetoka.

2. Ubao wa matumizi

*Inavyomgusa mtu.* Hapa mtu anaonyeshwa alichotumia, na anaonyeshwa wenzake walivyotumia. Sehemu ya pili ndiyo yenye nguvu. Jessica Nolan na wenzake waliwauliza wakazi wa California kinachowafanya wabane umeme. Wakataja mazingira, pesa, faida kwa jamii, na majirani wakawaweka mwisho. Lakini walipopelekewa ujumbe majumbani, uliotaja wanachofanya majirani ndio uliopunguza matumizi zaidi. Tunafuata wenzetu bila kujijua, na bwenini tunaishi nao mlango kwa mlango.

*Ushahidi.* Utafiti ninaoupenda zaidi katika uwanja huu ni wa Magali Delmas na Neil Lessem, uliochapishwa mwaka 2014. Kwenye mabweni ya UCLA, California, vyumba 66 viliwekewa vipimo. Wanafunzi waliopewa taarifa zao kwa siri, kila mmoja na zake, hawakubadilika kwa maana yoyote. Taarifa hizo zilipoambatana na mabango ya wazi yaliyoonyesha vyumba vipi vinabana na vipi vinatapanya, matumizi yalishuka kwa asilimia 20. Kwa wafanyakazi matokeo yalikuwa madogo lakini ya kweli: Amanda Carrico na Manuel Riemer walituma barua pepe za kila mwezi kwa watu wa majengo ya chuo kimoja cha Marekani, wakawaeleza jengo lao linavyoendelea, na matumizi yakapungua kwa asilimia 7. Mahali walipotumia wafanyakazi wenzao kuelimisha, ilikuwa asilimia 4.

Mtego wa njia hii ulionekana San Marcos, California, katika utafiti wa Wesley Schultz na wenzake wa mwaka 2007. Kaya zilizoambiwa wastani wa mtaa ziligawanyika: waliokuwa juu walishuka, waliokuwa chini wakapanda, kana kwamba wamepewa ruhusa. Dawa ilikuwa ndogo ajabu. Waliokuwa chini walichorewa uso unaotabasamu kando ya tarakimu yao, wakabaki chini. Basi ubao wako usitoe wastani mtupu. Wapongeze wanaofanya vizuri, kwa jina la korido yao.

*Inachodai.* Mita ya kila jengo au kila ghorofa. Watu wengi huishia hapo wakidhani wanahitaji skrini ya mamilioni. Kama jengo lina mita yake, mwanafunzi mmoja anaweza kuisoma kila Jumapili jioni, akatoa tarakimu ya wiki iliyopita, akaandika jibu kwa chaki kwenye ubao wa mlango mkuu. Kama chuo kizima kina mita moja, njia hii haipo bado, na hakuna ujanja wa kuikwepa kweli hiyo.

Jambo moja nalisisitiza: usiandike chumba cha mtu mmojammoja bila ridhaa yake. Chumba chenye matumizi makubwa huenda kina mtu mwenye kifaa cha tiba, au wakazi sita badala ya wanne. Korido au ghorofa inatosha.

*Inadumu?* Inadumu kadiri ubao unavyoandikwa. Wiki mbili za kimya na watu wanahesabu imekwisha.

*Inamfaa nani.* Mabweni na ofisi, mahali ambapo wakazi ni walewale na wanafahamiana.

3. Mashindano ya mabweni

*Inavyomgusa mtu.* Inagusa fahari. Makerere ina mabweni yenye majina, nyimbo na watani wao, kama Lumumba, Livingstone na Mary Stuart. Mahali penye utambulisho wa namna hiyo moto umeshawashwa, unaongeza kuni tu. Kwenye hosteli mpya ambayo watu wamepangiwa mwezi uliopita, utaanza na majivu.

*Ushahidi.* Mwaka 2005 Chuo cha Oberlin, Ohio, kiliendesha mashindano ya wiki mbili. Matumizi ya umeme yalishuka kwa asilimia 32. Mabweni yaliyoona matumizi yao papo kwa papo kwenye skrini yalishuka kwa asilimia 55, na yaliyopewa taarifa mara moja kwa wiki kwa asilimia 31. Maji yalipungua kwa asilimia 3 tu, kwa hiyo usidhani anayebana kimoja atabana vyote.

Tarakimu hizo ndizo zinazofanya mashindano yapendwe, lakini zisome pamoja na waliyoyasema washiriki wenyewe: baadhi yao walifungua balbu za korido. Hakuna anayeweza kuishi hivyo mwaka mzima, na kwa chuo ambacho mabinti hurudi kutoka maktaba saa nne usiku, ngazi yenye giza ni hatari. Weka kanuni kabla ya kipenga: taa za ngazi, korido na nje haziguswi. Bweni litakalozigusa litolewe.

*Inachodai.* Kazi nyingi kuliko inavyoonekana, na zaidi ni kazi ya haki. Bweni la zamani lenye taa za tyubu haliwezi kupimwa uniti kwa uniti na jipya lenye LED. Kila bweni lipimwe dhidi ya matumizi yake ya nyuma. Wiki ya kupima matumizi hayo ya nyuma isitangazwe, maana ikijulikana kila kitu kitaachwa kikiwaka ili baadaye kushuka kuonekane kukubwa. Halafu kuna jambo ambalo Oberlin halikuwasumbua lakini kwetu litaharibu kila kitu: umeme ukikatika. Bweni lililokaa gizani siku mbili kwa sababu transfoma imeungua litashinda bila kuzima swichi hata moja. Hesabu siku ambazo mabweni yote yalikuwa na umeme tu, na andika hilo kwenye kanuni, vinginevyo siku ya kutoa zawadi itageuka ya kugombana.

*Inadumu?* Hapa ndipo penye udhaifu. Mwaka 1980 Lou McClelland na Stuart Cook walichapisha matokeo ya shindano la zawadi ya fedha kwenye nyumba za familia za wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Colorado, nyumba zilizokuwa na mita moja ya pamoja. Gesi iliokolewa kwa asilimia 6.6 hivi, na mafanikio yakawa yanapungua kadiri wiki zilivyopita. Shindano ni mlango mzuri wa kuingilia. Lisipofuatwa na ubao wa kila wiki, watu hurudi walikokuwa.

*Inamfaa nani.* Serikali ya wanafunzi yenye watu wa kujitolea, kwenye mabweni yenye fahari yake na mita zake.

4. Mitambo na mpangilio wa awali

*Inavyomgusa mtu.* Haimuombi chochote. Inategemea tabia ya binadamu ya kuacha kitu kama alivyokikuta. Kompyuta za maabara zinalala zenyewe zisipoguswa, kiyoyozi kinaanza na nyuzi 25 na anayetaka baridi zaidi ashushe mwenyewe, taa za choo zinafuata mwendo wa mtu.

*Ushahidi.* Johan Egebark na Mathias Ekström waliupima uwezo huu kwenye chuo kikuu kikubwa cha Uswidi, kwa karatasi badala ya umeme. Printa zilipopangwa zichape pande zote mbili isipokuwa mtu aamue vingine, matumizi ya karatasi yalishuka kwa asilimia 15. Ujumbe wa kuwasihi wafanyakazi wafanye jambo hilohilo kwa hiari haukubadili kitu. Chuo ni kilekile, lengo ni lilelile.

*Inachodai.* Pesa mwanzoni na fundi wa kudumu. Sensa (kifaa kinachohisi mwendo wa mtu) iliyokufa ikakaa miezi bila kubadilishwa hufundisha watu kuibandika gundi ya karatasi. Wape watu namna ya kuukataa mpangilio pale wanapohitaji, maana taa ikizimika katikati ya mtihani kwa sababu watahiniwa wametulia vitini, mradi wako utachukiwa kwa haki kabisa.

Kwa nchi zenye umeme wa kukatikakatika kuna faida ya ziada. Umeme ukikatika mchana, hakuna anayejua swichi imebaki juu au chini. Watu wanaondoka, umeme unarudi saa mbili usiku, na ukumbi mzima unawaka mpaka asubuhi bila mtu. Fundi anaweza kufunga kontakta yenye kitufe cha kuwashia kwenye njia ya taa za ukumbi: umeme ukirudi, taa zinabaki zimezimwa hadi mtu abonyeze. Sijaona kibandiko kitakachofanya kazi hiyo.

*Inadumu?* Zaidi ya nyingine zote, mradi matengenezo yapo. Upungufu wake ni kwamba mwanafunzi anaweza kumaliza miaka mitatu bila kufikiria umeme hata mara moja, na chuo ni mahali pa kujengea fikra pia. Hilo linaniuma, lakini sitaacha ukumbi uwake usiku kucha kwa ajili ya somo.

*Inamfaa nani.* Meneja miliki, na kila eneo lisilo na mwenyewe: kumbi, vyoo, korido za madarasa, maabara za kompyuta.

5. Mita ya chumba, au faini

*Inavyomgusa mtu.* Inamrudishia mtumiaji maumivu ya bili. Hosteli nyingi za watu binafsi tayari zinaendeshwa hivi, LUKU kwa kila chumba, au tokeni kwa walio Kenya.

*Ushahidi.* Mtu anayelipa mwenyewe huangalia mita. Hilo halina ubishi. Faini ndiyo yenye maswali. Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichapisha mwaka 2000 utafiti wa vituo vya kulelea watoto vya Haifa, Israeli: wazazi waliochelewa kuchukua watoto walipoanza kutozwa faini ndogo, kuchelewa kuliongezeka, na faini ilipofutwa hakukushuka. Aliyekuwa anaona aibu sasa aliona amelipia. Faini ya hita bwenini inaweza kwenda njia hiyo. Tena kupiga marufuku hita ni suala la moto na nyaya kuzidiwa; liache huko kwenye usalama, usilichanganye na kampeni ya kuokoa umeme, kwa sababu wanafunzi wataanza kuificha mita yako kama wanavyoficha hita.

*Inachodai.* Mita nyingi, na utaratibu wa kugawana. Wanne chumbani, mmoja ana friji ndogo, mwingine ana simu tu: nani anunue uniti? Na ambaye bumu lake, yaani fedha ya mkopo wa masomo, limechelewa asisomee gizani. Chuo cha umma kinachochagua njia hii kiweke kiasi cha uniti za bure kwa kila mkazi, malipo yaanze juu ya hapo.

*Inadumu?* Ndiyo, bila kuhitaji kampeni.

*Inamfaa nani.* Hosteli za binafsi, nyumba za wafanyakazi na za familia, wapangaji wa maduka na kantini ndani ya chuo.

Chagua kwa hali yako

Kama chuo chote kina mita moja na huna bajeti, anza na kumbi. Andika alama kwenye swichi, omba fundi ahamishie swichi moja ya taa zote karibu na mlango wa kutokea, na mpatie CR (mwakilishi wa darasa) wa kipindi cha mwisho jukumu hilo kwa jina. Kumbi zikikutwa zimezimwa asubuhi, wanaofuata watazikuta hivyo na wengi wao wataziacha hivyo.

Kama kila bweni lina mita yake na serikali ya wanafunzi iko hai, fanya shindano la wiki mbili mwanzoni mwa muhula, kisha ubao wa chaki uendelee muhula mzima bila zawadi. Zawadi iwe ya bweni zima na itumike papo hapo, kama feni mpya ya chumba cha kujisomea.

Kama tatizo lako ni ofisi na viyoyozi, mashindano yatawachosha watu wazima wenye kazi zao. Badili mpangilio wa awali wa viyoyozi na kompyuta, kisha mkuu wa idara atume taarifa ya jengo kila mwezi kwa sentensi mbili tatu.

Kama una pesa ya mradi mmoja tu, mpeleke fundi akague majengo wiki nzima usiku kabla ya kununua chochote. Jengo linalokula umeme saa nane usiku, wakati hakuna mtu, ndilo la kuwekewa kontakta na sensa kwanza.

Na kama wewe ni mwenye hosteli binafsi mwenye LUKU ya chumba kwa chumba, bei imeshafanya kazi yake. Kilichobaki ni kuwaambia wapangaji hita inakula kiasi gani, kwa uniti na kwa shilingi, mlangoni siku wanapohamia.